Kibaigwa: Mji wa Nafaka na Riziki ya Ugogo



Msafiri atokaye Morogoro kwenda Dodoma, akishapita Gairo na kuingia wilaya ya Kongwa, hukuta kando ya barabara kuu mji wa Kibaigwa, usio na bandari wala mgodi, ambao maisha yake, tangu chungu cha mama lishe hata ujira wa kuli, yategemea mahindi yaletwayo sokoni na wakulima wadogo.

Katika wilaya hiyo hiyo, mwaka 1947, serikali ya Uingereza ilianza mpango wake mashuhuri wa karanga, ikikusudia kufyeka mamilioni ya ekari, zikiwamo za Kongwa, Urambo na Nachingwea. Ikaleta matrekta, mengine yakiwa vifaru vya vita vilivyogeuzwa, wala haikusaili vya kutosha habari za mvua na za udongo ule ambao kiangazi huufanya mgumu kama saruji, hata mpango ukavunjwa Januari 1951 baada ya kuteketeza pauni milioni 36. Leo karanga zalimwa Kongwa, nao wazilimao ni Wagogo, wenyeji wa Ugogo, na majirani zao, kwa jembe na kwa plau ya ng'ombe. Maarifa ya kulima, basi, yapo. Kilicho adimu ni uwezo wa kungoja.

Mvua za Ugogo ni za msimu mmoja, tangu Desemba hata Aprili, na mavuno yafikapo sokoni, madeni ya mbegu, ya palizi na ya trekta la kukodi humkabili mkulima yote kwa pamoja, naye huuza siku zile zile wauzapo jirani zake wote, bei ikiwa chini. Kisha Januari, ghala la nyumbani likiwa tupu, hurudi soko lile lile kununua debe la mahindi kwa bei iliyokwisha kupanda, na faida ya miezi ile yote imemwendea mwenye ghala. Tena kuna lumbesa, gunia lililoshindiliwa na kushonewa nyongeza juu hata likapita kilo 100 za sheria, likalipwa kama gunia moja: hii ni dhuluma, wala sina jina jingine la kuipa.

Ugogo uliwahi kuonja Mtunya, ile njaa kuu ya mwisho wa vita vya 1914–1918, baada ya majeshi kuchukua nafaka na mifugo ya watu. Haifai akiba yake iendelee kukaa mikononi mwa wengine. Njia ipo: sheria ya stakabadhi za ghala, yaani hati za mazao aliyoyaweka mkulima ghalani, tunayo tangu 2005, na wakulima wa korosho wa Mtwara na Lindi wamekwisha kuizoea. Nawasihi wenye dhamana, kabla ya kuongeza banda jingine sokoni, wajenge ghala na kuweka mizani ya halali katika kila kijiji kinacholisha Kibaigwa, na mabenki yaikubali stakabadhi ya gunia la mkulima kuwa rehani.