Picha ya Yesu wa Huruma na Maneno Yaliyo Chini Yake

 Fungueni madaftari yenu. Leo tutasoma picha, kisha tutasoma maneno mawili yaliyopigwa chapa chini yake.

Kwanza, mwalimu msaidizi aandike ubaoni maneno haya matatu: asili, nakala, chapa. Yasomeni pamoja, polepole. Asili ni kitu cha kwanza, ambacho vingine vimefuata mfano wake. Nakala ni kitu kilichofanywa kwa kufuata cha kwanza. Chapa ni alama za wino zinazotiwa katika karatasi kwa mashine.

Picha yetu ni ile ambayo Wakatoliki huiita picha ya Yesu wa Huruma. Huuzwa mbele ya makanisa na katika maduka ya vitabu vya dini, na wengi wenu mmeiona ukutani, kwenu au kwa jirani. Itazameni vizuri. Yesu amesimama, amevaa kanzu nyeupe. Mkono wa kuume ameuinua kubariki. Mkono wa kushoto unagusa kanzu kifuani, na kutoka hapo inatoka miale miwili, mmoja mwekundu na mmoja mweupe. Kwa Wakatoliki, mwekundu ni alama ya damu na mweupe ni alama ya maji, yaliyotoka ubavuni mwa Yesu msalabani.

Madarasani mwetu wamo Waislamu, na wamo Wakristo wa madhehebu mbalimbali. Somo hili halimwiti mtu kuacha dini yake. Twajifunza habari za kitu kilichomo katika nyumba za majirani zetu, ili tukijue.

Basi, picha hii ilitoka wapi? Ilitoka Polandi. Huko alizaliwa msichana wa mkulima maskini mwaka 1905, mtoto wa tatu katika watoto kumi. Jina lake Helena Kowalska. Alianza shule akiwa na umri wa miaka 12, wala hakumaliza miaka mitatu, kwa sababu ya umaskini. Alifanya kazi za nyumbani katika nyumba za watu, kisha akaingia utawa, akaitwa Sista Faustina. Utawani alipika, alilima bustani na kufungua mlango.

Mwaka 1931, katika mji wa Płock, Sista Faustina alisema kwamba amemwona Yesu katika sura hii, na kwamba ametakiwa picha ichorwe, na chini yake yaandikwe maneno ya kumtumaini. Yeye hakujua kuchora. Mwaka 1934, mjini Vilnius, padre wake wa maungamo, Michał Sopoćko, alimtafutia mchoraji aitwaye Eugeniusz Kazimirowski. Sista akawa anakwenda kwa mchoraji kumweleza: mkono uwe hivi, mwale upite hapa. Picha ilipokwisha alilia, kwa maana hakuona uzuri ule aliouona yeye. Hiyo ndiyo picha ya asili, na mpaka leo imo kanisani Vilnius, mji ambao sasa ni mji mkuu wa Lithuania.

Mwaka 1937 picha ndogo zilipigwa chapa mjini Kraków. Sista Faustina alikufa mwaka uliofuata, tarehe 5 Oktoba 1938, akiwa na umri wa miaka 33. Wakati wa vita vya pili vya dunia mchoraji mwingine, Adolf Hyła, alichora picha ya namna hiyo kwa ajili ya masista wa Kraków, na nakala za picha yake zimeenea mno duniani. Ukitaka kujua uliyo nayo imefuata ipi, tazama macho. Katika picha ya Kazimirowski Yesu anatazama chini; katika ya Hyła anamtazama mtu aliye mbele yake.

Sasa sikilizeni kwa makini. Padre Sopoćko alimwagiza Sista Faustina aandike habari zake. Mwanamke huyu ambaye hakumaliza miaka mitatu ya shule aliandika madaftari sita kwa mkono wake. Baada ya kufa kwake madaftari yalinakiliwa na kufasiriwa, na makosa yakaingia. Huko Roma wakuu wa Kanisa hawakuwa na madaftari ya asili. Ilikuwa taabu kuyapata kwa hali ya Polandi ya siku zile. Mwaka 1959 walikataza kueneza picha hii na maandiko yake katika namna aliyoieleza. Katazo hilo lilidumu miaka 19.

Mwaka 1965 Askofu Mkuu wa Kraków, Karol Wojtyła, aliamuru uchunguzi uanze. Maandiko ya asili yalisomwa tena kwa uangalifu, na mwaka 1978 katazo likaondolewa. Mwaka huo huo Wojtyła akachaguliwa kuwa Papa Yohane Paulo wa Pili, yule aliyekuja Tanzania Septemba 1990. Ndiye aliyemtangaza Faustina kuwa mtakatifu, tarehe 30 Aprili 2000. Leo hapa nchini kuna kituo cha hija cha Huruma ya Mungu huko Kiabakari, mkoa wa Mara.

Mwaona, ndugu zangu, kunakili vibaya si jambo dogo. Tujaribu sisi wenyewe. Chini ya picha kwa Kipolandi pameandikwa "Jezu, ufam Tobie". Kwa Kiswahili twasoma: "Yesu, nakutumainia". Tamkeni silabi: na-ku-tu-ma-i-ni-a. Ni neno moja. "Na" hapa ni kifupi cha "nina". Yaonyesha kuwa ni mimi ninenaye. "Ku" yaonyesha wewe ninayekuambia. "Tumainia" ni kuweka tumaini. Sasa mwalimu aandike hivi: "Yesu na kutumainia". Ametenga "na" peke yake. Herufi hazikupungua, lakini sala imepotea! Hakuna tena anayetumaini. Nafasi moja tu imeharibu maana yote. Kwa hiyo, unaponakili hati ya kiwanja, cheti cha mtoto au barua, soma ya asili, soma na nakala, ukalinganishe neno kwa neno.

Nitasema kidogo juu ya kununua na kutunza. Kwa kawaida mashine hupiga chapa kwa wino wa rangi nne: samawati, waridi iliyokoza, njano na nyeusi. Ukitazama kwa kioo cha kukuza utaona vitone vidogo vidogo. Chapa za bei kubwa hupigwa katika karatasi ya pamba, kwa wino usiopauka upesi. Nyingine hupigwa juu ya turubai zifanane na picha ya mkono. Zote ni nakala. Muuzaji akikuambia, "Hii ndiyo ya asili, ndiyo maana bei yake kubwa," wewe wajua ya asili iko wapi. Wala Kanisa Katoliki halifundishi kwamba karatasi ya bei kubwa ina nguvu zaidi. Tangu Mtaguso wa Nisea wa mwaka 787 lafundisha kwamba heshima ya picha humwendea yule aliyechorwa.

Usitundike picha mahali jua linapopiga, maana rangi hupauka. Hewa ya pwani yetu ina unyevu. Mwambie fundi wa fremu aache nafasi kidogo kati ya kioo na karatasi, zisigandamane. Nyuma ya fremu weka vipande viwili vya mti, hewa ipite ukutani.

Maswali ya kujibu darasani:
1. Picha ya asili ilichorwa mwaka gani, na nani?
2. Kwa nini katazo la 1959 liliondolewa baadaye?
3. Eleza tofauti ya "nakutumainia" na "na kutumainia".

Kazi ya nyumbani: tafuteni maandishi yoyote yaliyo ukutani kwenu, ya kalenda, ya picha au ya kanga, myanakili bila kosa. Asiye na maandishi nyumbani anakili ya jirani, kwa ruhusa yake.

Kwaherini, tuonane katika somo lijalo.