Adrenalini Ifike Mohoro

Makamanda wa Mohoro, mimi nasoma sheria, si udaktari, ila hili linagusa Ibara ya 14 ya Katiba: haki ya kuishi.

Mwenye aleji kali akiumwa na nyuki, koo linavimba, presha inashuka, anaweza kufa ndani ya dakika chache. Piritoni haitamwokoa. Anahitaji adrenalini, sindano ya paja, hapohapo, kabla ya safari ya Utete. Na Aprili 2024 mafuriko yalipokuja, safari yenyewe ilikuwaje? Mnajua wenyewe.

Wahudumu wa afya ngazi ya jamii tunao. Wamefundishwa kuchoma sindano hii? Zahanati inayo? Mkutano mkuu wa kijiji kisheria ni kila miezi mitatu. Tukaulize, na majibu yaandikwe kwenye muhtasari.