Karate kwa Video: Mwalimu Marehemu Bado Anafundisha



Hirokazu Kanazawa alizaliwa Japani mwaka wa 1931. Mwaka wa 1957 alishinda mashindano ya kwanza ya karate ya Japani nzima, tena akiwa amevunjika mkono. Alifariki mwaka wa 2019, lakini masomo aliyorekodi kwa video yangali yanatazamwa. Kijana asiye na karo ya klabu anaweza kumfuata katika Heian Shodan, kata ya mwanzo ya mtindo wa Shotokan, yenye miondoko 21.

Aanzeje? Kwanza, atazame mara kadhaa kabla ya kuinuka. Pili, akumbuke kwamba mwalimu akimwelekea, mkono wake wa kushoto huonekana upande wa kulia wa mtazamaji. Tatu, ajifunze miondoko michache kwa siku, kisha ajirekodi kwa simu na kujilinganisha na mwalimu.

Hata hivyo, video haina macho. Haioni goti linalopinda kuingia ndani, na goti likizoea kosa hilo huumia. Wala haimzuii kijana ngumi yake isimfikie mwenzake usoni. Kwa hivyo mapambano ya wawili yasiigwe nyumbani. Yamsubiri mwalimu aliye hai.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga, na marehemu haulizwi. Kijana na aanze kwa video, kisha amtafute mwalimu wa kumsahihisha kabla kosa halijawa mazoea.