Nyumba ya Kukodisha Watalii huko Grenada



Nimepewa nafasi nilizungumzie pendekezo la kununua, kwa fedha za mfuko wa ukoo, nyumba ya kukodisha watalii huko Grenada, katika Visiwa vya Karibi.

Manufaa yake hayafichiki. Kuanzia katikati ya Desemba hadi Aprili wageni huikimbia baridi ya Ulaya na Marekani, na kodi hupanda. Tena dola ya huko imefungamanishwa na ya Marekani kwa 2.70 tangu mwaka 1976. Mapato hayayeyuki njiani, jambo ambalo sisi tuliowahi kuweka akiba kwa shilingi tunalielewa vyema.

Lakini Juni hadi Novemba ni msimu wa tufani. Tarehe 1 Julai 2024 tufani Beryl ilikipiga kisiwa cha Carriacou, kilicho sehemu ya Grenada, ikaezua mapaa karibu kisiwa kizima. Bima ipo, ila mara nyingi mwenye nyumba hubeba kwanza asilimia 2 ya thamani ya nyumba, si ya hasara. Kwa nyumba ya dola 300,000, hizo ni dola 6,000 kabla kampuni haijatoa senti. Asiye raia sharti pia alipie leseni ya kumiliki ardhi. Na msimamizi (maana hakuna hata mmoja wetu aishiye huko) aweza kuchukua robo ya kodi.

Kwa maoni yangu, tusipige kura leo. Mweka hazina atuletee kwanza bei ya bima kwa maandishi, ndipo wazee waamue.