Hisabati Ipi kwa Mtoto wa Muthurwa?

Mhadhara wa umma kwa kawaida hufanyika chuoni na wasikilizaji wakapanda matatu kuufuata. Huu umekuja wenyewe Muthurwa, hapa Nairobi, kwa sababu swali lake huulizwa hapa, na huulizwa kwa haraka. Fomu ya kuchagua masomo ina tarehe ya mwisho, mtoto ana miaka 14 au 15, na mzazi amerudi saa mbili usiku akiwa amechoka. Mtoto akitoka Gredi ya Tisa kwenda sekondari pevu, asome hisabati ipi?

Tangu mfumo wa 8-4-4 uanze mwaka 1985, takriban kila mwanafunzi alisoma hisabati ileile hadi Kidato cha Nne, apende asipende. Mtaala mpya ukaja na mikondo mitatu: wa Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati, ambao wote tunauita STEM; wa Sayansi za Jamii; na wa Sanaa na Michezo. Mapema mwaka 2025 ilipojulikana kwamba hisabati haimo tena katika masomo ya lazima, walimu na wazazi walipiga kelele, na kelele zikasikika. Tarehe 24 Aprili mwaka huo, katika mkutano wa KICC, Waziri wa Elimu Julius Ogamba alitangaza kwamba kila mwanafunzi atasoma hisabati, ila zitakuwa mbili. Wa mkondo wa STEM watasoma Core Mathematics, ambayo leo nitaiita Hisabati Kuu. Wa mikondo mingine watasoma Essential Mathematics, na hiyo nitaiita Hisabati ya Msingi. Kuu huzama zaidi katika aljebra, trigonometria, vekta na kalkulasi. Msingi hukaa karibu na vipimo, takwimu na hesabu za pesa.

Ushauri unaotolewa barazani na hata katika ofisi za walimu ni mfupi: tazama alama. Aliyeandikiwa Kuzidisha Matarajio aende Kuu, aliye Mbali na Matarajio aende Msingi, shughuli imekwisha. Ushauri huo siukubali. Alama ya Gredi ya Tisa hueleza habari za shule angalau sawa na inavyoeleza habari za mtoto. Hueleza kama darasa lilikuwa na mwalimu wa hisabati au lilikuwa na mwalimu wa somo jingine aliyeombwa ashikilie kipindi. Kumbukeni pia kwamba kwa miaka mingi wastani wa taifa katika hisabati ya KCSE, mtihani wa Kidato cha Nne, haukufika alama 30 kwa 100. Taifa zima haliwezi kuwa na vichwa vizito kiasi hicho. Tatizo liko katika namna tunavyofundisha na tunavyopima.

Twendeni sokoni. Tuseme mama amenunua bale ya mashati Gikomba kwa shilingi 14,000, na bintiye wa Gredi ya Tisa anamsaidia Jumamosi. Bale inafunguliwa, mashati ni 200. Mahesabu ya kitabuni yangesema kila shati limegharimu shilingi 70, basi ongeza faida kidogo uuze. Hakuna mtu wa Muthurwa anayeuza hivyo, labda awe na haraka ya kufilisika. Binti anachambua: kamera, yaani mashati bora, 40, za kuuzwa 200 kila moja; namba mbili 100, za shilingi 80; fagia, yaani masalio, 60, za shilingi 20. Anajua bila kalamu kwamba kamera zikiisha zote na robo tatu ya namba mbili zikiondoka, pesa ya bale imerudi, na kuanzia hapo anapigania faida. Anajua kwamba fagia zote pamoja ni shilingi 1,200 tu, kwa hiyo mteja akizililia bei jioni hakuna haja ya kubishana. Ukijumlisha, mauzo ni 17,200. Toa bale, toa wa mkokoteni, toa ada ya soko, kilichobaki ndicho cha unga. Binti huyu ametumia wastani wenye uzito na amepata kiwango cha kurudisha gharama. Jumatatu darasani swali lilelile likija limevaa herufi x na y, anaandika sufuri.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 1985 watafiti watatu wa Brazili, Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann, walichapisha utafiti wa watoto watano waliokuwa wakiuza vitu mitaani Recife. Watafiti walijifanya wateja, wakanunua nazi na matunda, wakauliza bei na chenji. Watoto walipata majibu sahihi 98 kwa 100. Baadaye watoto walewale walipewa mahesabu ya namba hizohizo kwenye karatasi, wakapata takriban 37 kwa 100. Anayemtazama mtoto kupitia karatasi peke yake anaona chini ya nusu ya anachokijua.

Lakini nisiwapake mafuta kwa mgongo wa chupa. Kuna wanaochukua utafiti kama huo wakasema soko linatosha, mtoto ana hesabu yake ya mtaani, ya nini kumsumbua na aljebra? Hapo tunaachana. Vukeni barabara muingie Kamukunji kwa mafundi wa jua kali. Fundi anataka kutengeneza faneli ya bati yenye umbo la pia. Ana kiolezo, kipande cha bati alichoachiwa na mzee aliyemfundisha kazi. Anakilaza juu ya bati jipya, anachora, anakata, anakunja, na faneli inakaa sawasawa. Akija mteja anayetaka faneli ya kipimo kingine, kiolezo hakisaidii. Fundi hukata kwa kukisia, na bati la kwanza mara nyingi huishia kwenye lundo la vyuma chakavu. Mwanafunzi wa Hisabati Kuu angeuliza vipimo viwili: nusu kipenyo cha mdomo, tuseme sentimita 10, na urefu wa ubavu, tuseme sentimita 30. Kumi kwa thelathini ni theluthi, na theluthi ya nyuzi 360 ni nyuzi 120. Kata kipande cha duara cha nyuzi 120 chenye ubavu wa sentimita 30, kikunje, pia yako hiyo. Mteja wa kesho akitaka kipimo kingine, njia haibadiliki. Soko limemfundisha binti wa mashati kushika namba aliyoiona. Kuishika namba ambayo bado hajaiona ndiyo kazi ya aljebra, na hiyo sijaona mtaa unaoifundisha.

Je, Msingi ni ya wajinga? Hapana. Chukueni mkopo wa simu wa shilingi 10,000 unaotoza 7.5 kwa 100 kila siku 30. Anayelipa ada kutoka mfukoni kila mwezi na kukopa upya kiasi kilekile atakuwa ametoa shilingi 9,000 mwaka ukiisha, na deni la 10,000 bado limesimama palepale. Asiyelipa chochote, ada ikaongezwa juu ya deni na kutozwa ada tena, atadaiwa karibu shilingi 23,800. Watu wazima wengi wenye cheti cha Kidato cha Nne hawajawahi kuiona hesabu hiyo ikifanywa mpaka mwisho. Kama Hisabati ya Msingi itamwezesha kila kijana kuifanya kabla ya kubonyeza “kubali”, itakuwa imelisaidia taifa kuliko vipindi vingi vya vekta vilivyokaririwa na kusahauliwa.

Ninachowaambia basi ni hiki: thamani ya somo haimo ndani ya mtaala wake peke yake. Iko kwa yule anayelipokea upande wa pili, yaani chuo, mwajiri, bodi ya taaluma. Somo zuri lisilopokewa na mtu litakufa, na litakufa na watoto waliolichagua.

Wazazi wa mtaa huu wana sababu ya kushuku. Landhi za Muthurwa zilijengwa kuwaweka Waafrika waliofanya kazi ya reli, na watoto wa wafanyakazi hao walikulia katika enzi ambayo wakubwa waliamua kiasi cha elimu kinachomtosha Mwafrika. Tume ya Phelps-Stokes ilipita Afrika Mashariki mwaka 1924, ikapendekeza elimu iliyofinyangwa kulingana na maisha ya Waafrika: kilimo, ufundi wa mikono, afya ya kijiji. Ilisemwa kwa nia njema. Wazee wakaona kwamba elimu iliyofinyangwa kwa ajili yao haiwapeleki kwenye ofisi ambako maamuzi hufanywa, wakaanzisha shule zao za kujitegemea. Mjukuu wa wazee hao leo akiambiwa kuna hisabati nyepesi inayomfaa mtoto wake, msimwite mkaidi.

Na si mara ya kwanza nchi hii kuwa na hisabati mbili. Baada ya wataalamu kukutana Entebbe mwaka 1962 kuandika vitabu vya hisabati mpya kwa shule za Afrika, wanafunzi wetu walisoma za kisasa au za kizamani kutegemea shule, mpaka za kisasa zikaondolewa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Hiyo ilikuwa vita ya wataalamu. Linalotuhusu zaidi ni la karibu. Chini ya 8-4-4 palikuwa na somo la pili la hisabati katika KCSE, Alternative B, nambari 122, kando ya 121 ambayo sote tuliifanya. Lilikuwa jepesi zaidi na liliandaliwa kwa mwanafunzi asiyeelekea sayansi. Shule zilizolifundisha zilikuwa chache mno, na hapa ukumbini nina hakika wengi ndiyo kwanza mnasikia jina lake. Mwalimu mkuu angeligusaje, naye anajua mzazi atauliza linampeleka mtoto wapi?

Tanzania wana mpango wa namna nyingine. Kidato cha Tano na cha Sita, wa PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) na EGM (Uchumi, Jiografia na Hisabati) husoma Advanced Mathematics, na wenzao wa PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) husoma Basic Applied Mathematics, ambayo wote huiita BAM. Wanafunzi wanailalamikia BAM kama wanafunzi wanavyolalamikia kila kitu, ila tazameni anayeisoma ni nani: ni yule anayeelekea udaktari. Somo dogo limewekwa kwenye barabara inayofika mahali panapoheshimiwa, basi hakuna anayeona aibu kulisoma. Uganda nako wana Sub-Math pembeni ya hisabati kamili. Sisi tumeifunga Msingi kwa mikondo ambayo jamii yetu, kwa makosa, imezoea kuiona ya waliobaki.

Na kuna mtego ambao utawanasa hasa watoto wa hapa. Binti wa mashati anapenda biashara, amezaliwa nayo. Somo la Biashara liko katika mkondo wa Sayansi za Jamii, na mkondo huo umeandikiwa Hisabati ya Msingi. Anachagua kwa furaha. Miaka mitatu baadaye anagundua kwamba anachotaka ni uchumi, takwimu, au sayansi ya aktuaria inayofundishwa Chuo Kikuu cha Nairobi, ambayo bila kalkulasi hata mlangoni hufiki. Biashara kubwa, ile ya bima na benki, imejengwa juu ya Hisabati Kuu. Kabla hamjatia sahihi, mwulizeni mwalimu mkuu waziwazi: mtoto wa Sayansi za Jamii anaweza kusoma Kuu katika shule hii? Kuna mwalimu? Kuna kipindi kwenye ratiba? Jibu likiwa “tutaona”, tafuteni shule nyingine.

Mtoto anayejua anachotaka, akawa anataka uigizaji, uandishi, kandanda, na akakitaka kwa muda mrefu, mwacheni aende Msingi na msimnunie. Asiyejua, na katika umri huo wengi hawajui wala hawana kosa, aanze na Kuu hata kama alama yake ni ya Kukaribia Matarajio. Kushuka kutoka Kuu kwenda Msingi katikati ya safari hakumpotezei mtoto mengi. Kupanda kutoka Msingi kwenda Kuu katika Gredi ya 11 kunamtaka mtoto alipe mwaka mzima wa aljebra ambayo wenzake wameshaimaliza, na ni nani atamfundisha hiyo, saa ngapi, kwa pesa ya nani?

Kwa wenzangu wa vyuo, nina neno moja. Kundi la kwanza litamaliza Gredi ya 12 mwaka 2028 na kubisha hodi kwenu mwaka 2029. Kila kozi inapaswa kuandika sasa, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, kama inapokea Hisabati ya Msingi au haipokei, na kwa kiwango gani. Uuguzi, ualimu, uhasibu, sheria, usanifu wa mavazi, kila moja na mstari wake. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Kenya kiko pale Haile Selassie Avenue, mwendo mfupi kwa miguu kutoka hapa. Orodha yake ingeweza kubandikwa kwenye ubao wa kila shule ya Eastlands kabla ya fomu zijazo kusambazwa, na mzazi akaisoma akiwa njiani kwenda kazini.