Majina ya wanafizikia yako ndani ya mawe yetu: maneno yetu kwa wanafunzi wa Likasi



Leo hatukuwaita kwa maandamano. Tunataka tuongee ju ya fizikia, somo ambalo wengi wetu tuliliogopa tangu sekondari. Tunasema hivi: kama kuko muji mumoja wenye unapashwa kuwa na wanafizikia wake, ni huu wetu.

Kilometa kama 20 kutoka hapa kuko Shinkolobwe. Madini yake yalijulikana 1915. Tangu 1922, Wabelgiji walikuwa wanatoa radiamu yake kwao kule Olen, ile radiamu ambayo Marie na Pierre Curie walivumbua 1898. Ndani ya mawe hayo wataalamu walikuta madini mapya, wakayapa majina ya wanafizikia: kuriti, bekereliti, sklodowskiti. Hilo la mwisho ni jina la Marie Curie mbele ya kuolewa. Kisha vita ikaja. Mwaka 1942 Wamarekani wakanunua uraniamu yetu, na sehemu kubwa ya uraniamu ya bomu la Hiroshima, tarehe 6 Agosti 1945, ilitoka Shinkolobwe.

Muangalie vizuri: majina ya wanafizikia yako ndani ya mawe, lakini majina ya wazee wetu wenye walichimba hayako.

Musiseme kwamba Mukongomani hawezi hii kazi. Mwaka 1959, kinu cha kwanza cha nyuklia katika Afrika yote kiliwaka Kinshasa, kwenye chuo kikuu cha Lovanium, wakati wa rekta Luc Gillon, padri na mwanafizikia. Kiliitwa TRICO, nguvu yake kilowati 50. Mwaka 1972 ikafuata TRICO II, kilowati 1.000. Inchi yetu ilianza mbele ya wengi. Swali ni hili: sisi wa leo tunaendelea na nini?

Maisha ya mwanafunzi tunayajua. Kwetu mtu akisikia TP, anawaza Mazembe. Kwa mwanafunzi wa fizikia, TP ni kazi ya mikono katika labo. Lakini wangapi kati yetu wameshika chombo cha kupima? Tunachora ubaoni, tunakopi silabusi, tunakariri, tunapita mtihani. Usiku delestaji inaingia, tunasoma na tochi ya simu. Na tuko karibu na mto Lufira, wenye mabwawa ya Mwadingusha na Koni! Maji yanaanguka pale, yanazungusha mashini, umeme unatoka. Fomula yake tunaijua kwa kichwa. Taa yake njo hatuioni.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Mnururisho wa uraniamu hauna harufu, hauna rangi. Chembe za alfa zinasimamishwa na karatasi tu, hazipite ngozi. Lakini ukivuta vumbi lake, zinachoma mapafu kutoka ndani. Radiamu nayo inatoa gesi ya radoni, nzito kuliko hewa, inayojikusanya katika mashimo na nyumba zilizofungwa. Jicho halitakuonya. Kipimo njo kitakuonya.

Januari 2004 amri ya rais ilifunga Shinkolobwe. Julai ya mwaka uleule shimo likaporomoka, watu 8 wakafa. Kisha wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikuja kuchunguza, wakaandika ripoti, wakarudi kwao. Mama mwenye kuuza mboga hapa Likasi anauliza: "Vumbi hili ni salama?" Leo atamuuliza nani? Hatutaki kumutisha bila ushahidi, na hatutaki kumudanganya kwamba yote ni sawa. Tunataka kupima.

Ju ya ile, tunaomba mambo matatu:

1. Vyuo vyetu vipewe vyombo vya kupima mnururisho, na kila mwanafunzi wa fizikia avitumie katika TP, si kuviona kwenye picha tu.

2. Kazi za mwisho za wanafunzi zichunguze hewa, maji na udongo wa mitaa yetu, na matokeo yasomwe mbele ya watu wote, kwa Kiswahili.

3. Labo ziwe na umeme wa uhakika. Chombo bila umeme ni pambo.

Na sisi wenyewe? Musingoje serkali pekee. Mwenye kujua hesabu amufundishe mwenzake wa mwaka wa kwanza. Wadada, muingie katika fizikia. Mukiambiwa si kazi ya wanamuke, mujibu kwa jina moja: Marie Curie. Na mutu yeyote asiingie Shinkolobwe kutafuta ushujaa wala kubeba mawe nyumbani. Ujuzi ni kujua pia pa kutokanyaga.

Zamani dunia ilichukua mawe yetu, ikabaki na ujuzi. Kizazi hiki kishike ujuzi.

Likasi, tusimame, tupime!