Kusubiri Mtoto: Mzigo wa Moyo Katika Safari ya Kuasili

Hotuba ya mshauri nasaha kwa wakazi, katika kikao cha uhamasisho kuhusu malezi ya watoto, Kisumu

  

Nimeombwa nizungumze kuhusu kuasili watoto. Maafisa wa watoto watawaeleza fomu na stakabadhi. Kazi yangu mimi ni moyo, kwa hivyo nitazungumza juu ya kusubiri.

Sisi watu wa ziwani tunajua kusubiri. Mvuvi wa omena hukaa nyumbani mwezi ukiwa mpevu, kwa sababu taa zake hazivuti samaki usiku wa mbalamwezi. Hafurahi, lakini hababaiki. Anajua giza litarudi. Sasa mwulize mvuvi huyo huyo pale Dunga kuhusu gugumaji. Linaletwa na upepo, linafunga ufuo, na hakuna awezaye kumwambia litaondoka lini. Hapo ndipo utamkuta mtu mzima ameketi kando ya mashua yake, ameshika tama. Kusubiri mtoto wa kuasili kunafanana na gugumaji. Kinachomchosha mtu ni kutojua.

Niwape kisa kimoja. Nimebadilisha mambo machache ili mhusika asitambulike.

Mwaka 2014 nilikuwa nikijitolea katika makao fulani ya watoto. Palikuwa na mvulana wa miaka mitano. Mke na mume kutoka Ulaya walikuwa wameanza safari ya kumwasili. Wakamtumia albamu ya picha: nyumba yao, mbwa wao, kitanda kitakachokuwa chake. Sisi walezi, kwa mapenzi tu, tukamwambia, "Mama yako anakuja na ndege." Tukamtilia nguo zake katika mkoba mdogo.

Novemba mwaka huo Baraza la Mawaziri likasimamisha shughuli ya wageni kuasili watoto wa Kenya. Hakuna kati yetu aliyejua la kumwambia mtoto. Kila ndege iliposhuka kuelekea uwanja wa Kisumu, alitoka mbio na mkoba wake, akasimama langoni. Ikawa hivyo miezi mingi. Kisha siku moja akaacha kutoka. Tulifurahi, tukasema amezoea. Leo, baada ya kusomea kazi hii, najua kwamba hakuwa amezoea. Alikuwa amekata tamaa. Mtoto aliyekata tamaa hunyamaza, na sisi watu wazima ukimya wake tunauita adabu.

Na wale waliomngoja upande wa pili? Yule mama aliandika kwamba hajui kama ana haki ya kulia, maana hakuna aliyekufa. Chumba kipo, kitanda kimetandikwa, picha iko ukutani, lakini hakuna matanga na hakuna anayekuja kumpa pole. Ni msiba usio na kaburi.

Baadaye jamaa za mvulana yule walitafutwa upya, akapatikana shangazi yake Nyakach. Ndiye aliyemlea. Mtu akiniuliza kama agizo lile lilimsaidia au lilimuumiza, nitajibu kwamba lilifanya yote mawili. Lakini lipo jambo moja ninalolijua bila shaka: kama jamaa wangetafutwa vizuri tangu mwanzo, mkoba ule usingefungwa.

Ndiyo maana sheria haina haraka. Mwaka 2007 Kenya ilijiunga na Mkataba wa Hague wa 1993 kuhusu kuasili watoto kati ya nchi na nchi. Msingi wake ni kwamba mtoto atafutiwe kwanza malezi yanayofaa nchini mwake kabla ya kufikiria ng'ambo. Baraza la Mawaziri lilirudia katazo kwa wageni mwaka 2019, kukiwa na hofu ya biashara ya watoto. Sheria ya Watoto ya 2022 imeweka utaratibu mpya, na mkakati wa taifa wa 2022 hadi 2032 unataka watoto walelewe katika familia badala ya makao. Aliye na jamaa ng'ambo anayetaka kuasili mtoto hapa, athibitishe kwanza hali ya sasa kwa Baraza la Taifa la Huduma kwa Watoto, kabla hajampigia mtoto simu.

Msidhani uchungu huu ni wa wageni peke yao. Mkenya anayeasili hapa nyumbani husubiri pia. Mtoto aliyeokotwa lazima aripotiwe polisi, apewe nambari ya OB, na jamaa zake watafutwe. Shirika la kuasili lililosajiliwa lazima lithibitishe kwamba yuko huru kuasiliwa. Lazima awe ametimiza angalau wiki 6 tangu kuzaliwa, na awe amekaa na wazazi watarajiwa miezi 3 mfululizo kabla ya ombi kwenda mbele ya Mahakama Kuu. Kisha kuna tarehe za kesi, na tarehe huahirishwa.

Fikirieni miezi hiyo. Mama anaamka usiku kumpa mtoto maziwa, anamjua kilio chake, lakini karatasi haijasema ni wake. Mama mmoja aliniambia hakuthubutu kumpa mtoto jina la marehemu nyanya yake mpaka amri itoke. Aliogopa kulipoteza jina mara ya pili. Mumewe alikuwa akichelewa kurudi jioni. Mama alidhani hajali. Tulipoketi naye, baba yule alisema anaogopa kufungua mlango akute mtoto amerudishwa.

Nao jamaa nyumbani hawakuwasaidia. Kila mazishi, kila harusi, swali ni lile lile: "Huyo kijana atajenga simba wapi?" Jibu la sheria ni fupi. Amri ya kuasili ikishatolewa, mtoto ni kama aliyezaliwa na wazazi hao, na ana haki ya kurithi kama wenzake. Atajenga simba pale wanapojenga ndugu zake.

Sasa niseme tunayoweza kufanya.

La kwanza, usimwahidi mtoto tarehe. Mwambie ukweli unaolingana na umri wake: "Watu wazima bado wanazungumza. Leo unakaa hapa, na kesho utakuwa hapa." Mtoto hutulia akiijua kesho yake. Nanyi mlio na ndugu Marekani au Uingereza wanaotaka kumchukua mtoto wa marehemu, msimwambie kila Krismasi kwamba mwaka huu ataenda. Wala msimzuie kuanza shule kwa sababu ya viza.

La pili, tenga siku moja kwa mwezi ya kufuatilia faili. Nenda au piga simu, andika uliyoambiwa na jina la ofisi, kisha funga daftari. Anayefuatilia kila siku hupata jibu lile lile mara thelathini, na kila mara linamuuma upya.

La tatu, jamaa na majirani, acheni kuuliza "Bado?" Mpelekeeni mtu chai. Mwambieni, "Tuko pamoja nawe katika kungoja huku." Wachungaji, msiligeuze jambo hili kuwa kipimo cha imani. Faili kuchelewa ofisini si adhabu ya dhambi ya mtu.

La nne, uchungu usikusukume kwenye njia ya mkato. Atakuja mtu kukuambia kwamba anamjua muuguzi fulani, na kwamba kwa kiasi fulani cha pesa mtoto atapatikana wiki hii. Huyo anauza binadamu. Sheria ya 2010 dhidi ya biashara hiyo ina kifungo cha miaka 30 au faini ya mamilioni. Zaidi ya hapo, mahali fulani kuna mama mwingine atakayelala njaa akimtafuta mtoto wake. Ukimshuku mtu, piga simu 116. Ni bure.

La tano, ukikosa usingizi, ukishindwa kula, ukiona mko nyumba moja lakini hamzungumzi, nenda kituo cha afya uombe kuonana na mshauri. Nendeni wawili. Wanaume wetu hulia ndani kwa ndani, na machozi yakikosa njia hugeuka ukali.

Na walezi wa makao tusiwasahau. Wao huwaaga watoto waliowabeba mgongoni, kesho yake wanarudi kazini kana kwamba hakuna kilichotokea. Wapeni nafasi ya kuaga.

Yule mvulana sasa ni kijana. Nilikutana naye stendi. Nilimwomba msamaha kwa ajili ya mkoba ule. Akacheka kidogo, kisha akasema, "Hata sikujali ndege. Nilitaka tu mtu aniambie kama haji."

Tuwaambie watoto ukweli, hata pale ambapo ukweli wenyewe ni kwamba hatujui.